Mguu wa Baba na Mashine ya Kunyonya

Kidonda cha baba kilianza na mwiba wa kule Kulamawe. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeshamtia ganzi miguuni, kwa hivyo alichunga siku nzima na mwiba ndani ya kisigino asijue. Miezi saba baadaye kidonda kilikuwa bado wazi, kinanuka, na daktari wa hapa Isiolo akaniambia mimi, binti yake mwalimu wa shule, bila kuzunguka: tujaribu mashine majuma matatu, ikishindikana mguu ukatwe. Niliogopa sana. Baba bila kutembea nyuma ya mifugo wake, nilijua hamalizi mwaka.

Mashine yenyewe ilikuwa ndogo, ya kuning'inizwa begani. Muuguzi wa wodi alikolazwa baba alijaza sponji nyeusi kidondani, akafunika kwa nailoni inayonata, akaunganisha mrija, na mashine ikaanza kunyonya uchafu. Alisema ikivuta hivyo bila kukoma, nyama mpya itaota. Sharti ni nailoni isiachie.

Siku ya pili mashine ikaanza kupiga kelele, ishara kwamba nailoni imeachia. Muuguzi akaziba upya. Kesho yake, tena. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilimwambia wametufungia mtumba, maneno ninayoyaonea haya hadi leo. Alipapasa ile nailoni.

"Mwalimu, hapa kuko na maji. Nani anaosha huu mguu?"

"Ni mimi," baba akasema, hana hata wasiwasi. "Ama nisali bila udhu?"

Mara tano kwa siku alikuwa akiuosha mguu ule hadi kifundoni, na maji nilikuwa nikimletea mimi, mwalimu mzima! Nilimsihi apanguse tu. Akakataa katakata, eti dini hafundishwi na binti aliyemlea. Ikabidi nimwite imamu wetu.

"Salaam aleikum, mzee," imamu akasema. "Ukiwa na bandeji unapitisha tu mkono wenye maji juu yake. Sala yako iko sawa."

Baba alimhoji kama anayenunua ngamia, kisha akanituma nje wabaki wawili. Tangu siku hiyo mashine ikatulia.

Majuma matatu yalipoisha, daktari akaja kuamua. Muuguzi alipobandua sponji, damu ikachuruzika. Nikafumba macho, nikajua mguu umeenda.

"Angalia, mwalimu," muuguzi akasema. "Damu ni nzuri. Nyama imekufa haitoi damu."

Nikaangalia. Kidonda kilikuwa chekundu, kimejaa karibu nusu. Daktari akasema hakuna kukata tena, tuendelee hivi hivi. Nililia mbele ya wodi nzima.

Baba, ambaye hakuwahi kutamka neno moja kuhusu kukatwa, alijipangusa uso kwa kilemba chake.

"Sasa mpigie imamu simu," akasema. "Nilikuwa nimemwomba azike huu mguu kando ya mama yako. Mwambie asichimbe."