Kura ya Maduka Arobaini

Truphosa Auma alikuwa mhasibu wa kampuni moja bandarini, na jioni akisomea shahada ya uzamili. Utafiti wake alidhani umekwisha. Katika maduka themanini ya Mji wa Kale, yaliyoandika hesabu kila siku yalipata faida maradufu ya yale yasiyoandika. Akahitimisha kwamba daftari huleta faida.

Alikwenda kumshukuru Bi Afaf, muuza manukato aliyemjulisha kwa wenye maduka wengi, akamsomea hitimisho lile. Bi Afaf alicheka mpaka akashika kaunta.

"Mwanangu, mimi nimeanza kuandika baada ya duka kukua! Zamani mali yangu ilikuwa rafu moja, yote naijua kwa kichwa. Ilipozidi, nikanunua daftari. Sasa kipi kimeleta kipi?"

Truphosa alikunja karatasi zake. Alishuka hadi ufuoni Mama Ngina, akanunua muhogo wa kukaanga, ukapoa mkononi mwake.

Wiki iliyofuata alianza upya. Alitafuta maduka arobaini yasiyoandika chochote, wenyewe wakiwa radhi kufundishwa. Ishirini wangefundishwa sasa, ishirini wangesubiri mwaka. Waanze nani? Bi Afaf alitia vikaratasi vya majina ndani ya sufuria ya biriani, akafumba macho, akachota ishirini.

Jina la Abdulbasit, muuza viatu, halikutoka.

"Dada Truphosa, nitie tu. Hakuna anayetaka kujifunza kunishinda mimi."

"Ndiyo maana siwezi, kaka. Nikichagua wenye hamu, mwakani nitajuaje kama kilichosaidia ni daftari au ni hamu yao?"

Abdulbasit alinuna. Mwezi mzima alimwitikia salamu kwa kichwa tu.

Mwaka ulipotimia, waliofundishwa walikuwa wamewazidi wenzao kwa shilingi nane katika kila mia ya faida. Truphosa alirudia hesabu mara tatu, kisha akaenda kwa Bi Afaf, uso umemshuka kidogo.

"Nane tu, Bi Afaf. Na mimi niliandika maradufu!"

"Na hizi nane zimeletwa na daftari?"

"Kwa kadiri ninavyoweza kujua, ndiyo."

"Basi andika nane, mwanangu. Mimi zingenilipia umeme."

Akaandika nane, akafaulu. Jumamosi iliyofuata lilianza darasa la wale waliosubiri. Truphosa alipofika kufungua mlango, alimkuta Abdulbasit ameketi kizingitini, ana kalamu tatu mfukoni na maswali ya tangu mwaka jana.