Jogoo Mwekundu na Mafuta ya Jikoni

Majirani walimwita Mama Vifaranga, na jina likamkaa. Chumba cha nyuma, kilichojengwa kiwe cha wageni, alikigeuza kuwa nyumba ya mashine ya kutotolea mayai. Wateja wa vifaranga walibisha hodi mlango wa uani wakiwa na maboksi yao yenye matundu. Matetea waliishi uani humo, pamoja na jogoo mwekundu, kifua mbele siku zote.

Mumewe alikuwa mpishi wa mgahawa. Jioni moja alirudi na dumu begani.

"Mafuta tuliyokwisha kukaangia tunayamwaga bure," alisema. "Wachanganyie kuku wako, wanenepe."

Na kweli walinenepa. Jogoo aling'aa manyoya, akazidi kuwika. Mama Vifaranga akamsifu mumewe kwa kila aliyepita.

Kisha mayai yakaanza kumtia aibu. Akiyamulika kwa tochi aone mishipa ya kifaranga, aliona mwanga mtupu. Trei baada ya trei, viza. Wateja wakarudi makwao na maboksi yao matupu, wengine wamenuna.

Mama mkwe, aliyeishi nao, akatoa hukumu akiwa kitini mwake: "Matetea hao wamechoka. Chinja wote."

"Na jogoo je, mama?"

"Jogoo ana nini? Humwoni alivyo dume?"

Mama Vifaranga akaiweka tochi chini. Maneno ya namna hiyo aliyajua. Kabla binti yao hajazaliwa, miaka ile ya kusubiri, yalisemwa juu yake yeye, na akajikalia kimya.

Safari hii hakukaa kimya. Alimwita daktari wa mifugo, dada mmoja mcheshi aliyefika na viatu vya mpira na hadubini ndani ya kikapu. Akapasua mayai kadhaa kwenye bakuli, akainamia viini.

"Hayakurutubishwa kabisa. Matetea wametimiza yao. Hebu tumwone bwana harusi."

Alimkamata jogoo, akampapasa mgongo mpaka akatoa tone la mbegu, akaliweka chini ya hadubini pale pale kwenye meza ya jikoni. Kisha akamwita Mama Vifaranga achungulie.

"Mbona nyingi zimelala?"

"Na zinazotembea zinayumba kama walevi. Anakula nini huyu?"

Dumu likaletwa. Daktari alilinusa, akageuza uso.

"Mafuta yenyewe si adui," alieleza. "Ganda la kila mbegu limejengwa kwa mafuta, na vitamini E ndiyo inayolilinda. Haya yamechomwa mpaka yakaharibika. Yanaimaliza hiyo vitamini, halafu yanalila ganda kama kutu inavyokula bati."

"Kwa hiyo nimchinje?"

"Ya nini? Mbadilishie chakula, umpe muda atengeneze mbegu mpya. Nina matumaini naye."

Wakati wa chakula cha jioni mama mkwe alisikia habari hizo, akaguna. "Jogoo mzima vile? Daktari gani huyo!"

Mpishi akaweka kijiko chini.

"Mama, hata mimi nilipimwa enzi zile. Tatizo lilikuwa kwangu, nikatibiwa. Wewe ulimsema mke wangu, na yeye akanisitiri."

Mama mkwe alitazama sahani yake, kisha akamgeukia mkwewe.

"Nilikuonea, mwanangu."

"Yamepita, mama," alijibu Mama Vifaranga, akainuka kwenda kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Dumu lilirudi lilikotoka. Jogoo akapewa mbegu za alizeti, majani mabichi na vitamini kutoka duka la dawa za mifugo. Mwanzoni hakuna kilichobadilika, na kuna asubuhi Mama Vifaranga alitamani kuuza mashine. Alivumilia. Hatimaye, akimulika trei mpya, akaona nyuzi nyekundu ndani ya yai, kisha ndani ya jingine. Akapiga kelele mpaka mpishi akatoka bafuni na povu kichwani.

Si mayai yote yaliyototolewa, ila mengi yalitotolewa, na chumba kizima kikalia piyo piyo. Wateja walirudi. Mama mkwe alihamishia kiti chake karibu na mlango wa uani, akawa ndiye anayepokea wageni. Mteja akilalamika kwamba matetea wake nyumbani hawana maana, bibi alimkatisha:

"Kwanza niambie, jogoo wako unamlisha nini?"