Blanketi za Refugio Chini ya Barabara ya Juu

Refugio Tlapanco alishona sare za viwandani miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu alitaka kitu kimoja tu: mahali pa kucheza danzoni, ile ngoma ya taratibu ya wawili wawili. Kumbi za katikati ya Jiji la Meksiko magoti yake hayakuziweza tena. Lakini hatua chache kutoka kwake ilipita barabara ya juu, na chini yake palijaa matairi chakavu na harufu ya mkojo.

"Hapa hapa," alimwambia Abundio, fundi wa matairi mwenye kibanda penye nguzo ya tatu.

"Hapa, mama? Utacheza na panya?"

"Panya wana adabu kukushinda. Sogeza matairi yako!"

Abundio akacheka, ila akayasogeza. Majirani wakaja na mafagio na ndoo za rangi. Ofisi ya mtaa, iliyotaka kupafanya maegesho, ikawapa Jumapili moja waonyeshe kwamba watu wanapahitaji.

Jumamosi asubuhi bendi ikaja kufanya majaribio. Balaa! Kila mlio wa tarumbeta uligonga zege na kurudi mara tatu. Mpiga klarineti akafunga sanduku lake.

"Mama, hapa hata mwenyewe sijisikii."

Refugio akatazama juu. Akakumbuka chumba cha majora kule kiwandani, ambako hata ukipiga kelele, vitambaa vilimeza sauti yako.

"Kesho uje," akasema. "Ukikosa, nitakufuata kwako."

Akazunguka nyumba kwa nyumba akiomba blanketi kuukuu. Cherehani tatu zikatolewa nje, zikaunguruma mchana kutwa zikiunga blanketi kuwa mapazia, na Abundio akapanda ngazi akiyatundika mapazia yale mazito juu kwa waya, huku akilalamika kwamba yananuka mbwa.

Jumapili saa kumi mvua ikamwagika kama imetumwa. Yuridia, binti aliyetumwa na ofisi ya mtaa kuhesabu watu, alifika na faili lake akakuta viti vitupu.

Kisha klarineti ikalia. Safi! Sauti ilitoka, ikakaa, haikurudi. Waliokuwa wakingoja basi mvuani wakageuza vichwa, wakakimbilia chini ya barabara. Wazee wakatokea na viatu vyao vyeupe ndani ya mifuko ya plastiki. Ngoma ilipofika pale pa kupumzika, kama ilivyo desturi ya danzoni, wachezaji wakasimama wakijipepea, na watazamaji wakapiga makofi hadi ngurumo za malori zikasahaulika.

"Nifundishe, mama," Abundio akasema akijifuta mikono. "Lakini usinicheke."

"Nitakucheka. Njoo!"

Yuridia alijaribu kuwahesabu watu, akapotea, akaanza upya, akaacha. Akafunga faili na kumsogelea Refugio, aliyekuwa anatweta kwa furaha.

"Jumapili ijayo mnaanza saa ngapi?"

"Saa kumi hii hii, mwanangu. Ila vaa viatu vya ngozi. Hivyo vya mpira vitakukwamisha."