Jogoo wa Kukombolea Baiskeli ya Baba Saidi

Hivi wewe, ulishawahi kusafiri na jogoo kwapani kwenda kuikomboa baiskeli ya marehemu? Mimi nimesafiri. Kutoka Chilangala mpaka Lupaso, mpaka Masasi mjini, na jogoo wangu mwekundu, ana kelele kama mtu wa mnada. Kaa nikwambie, maana tangu nirudi nazungumza tu ili nisilie.

Sababu ni msiba. Alipofariki mume wangu, Baba Saidi, watani wa ukoo wake walikuja kama kawaida ya watani. Sisi tunalia, wao wanacheka, wanamwigiza marehemu alivyokuwa akikohoa. Mmoja wao, Mzee Likumbo wa Lupaso, akaikamata baiskeli ya marehemu uwanjani, akaipanda. "Hii naondoka nayo! Mkiitaka, nileteeni jogoo!" Tulicheka jamani, machozi yanatutoka. Ndiyo mila yetu. Mtani anabeba kitu cha marehemu, wenyewe mnakwenda kukikomboa, mnakula, mnacheka, yanakwisha. Mimi nikaingia eda, sitoki. Wanangu wako mbali, wakasema, "Mama, eda ikiisha utakwenda mwenyewe, kitu kilicho kwa mtani hakipotei." Na kweli, tangu enzi za bibi yangu hakijapotea.

Sasa ile baiskeli ndiyo ilikuwa miguu ya nyumba yetu. Huku juu bomba likikauka, maji tunayafuata bondeni, na kupandisha dumu kichwani si mchezo. Baba Saidi alichonga keria la mti, akalitia vibonde viwili, madumu yanakaa humo yametulia kama watoto mgongoni. Baiskeli ilipoondoka, dumu likahamia kichwani kwa mjukuu wangu Somoe. Anafika shule wenzake wameshaanza, anasimamishwa nje. "Bibi," akaniambia, "ukitoka eda tu, nenda."

Nilipovua nguo za eda, kesho yake nikaenda.

Newala mjini, stendi. Kondakta ananiangalia na jogoo wangu. "Bibi, huyo naye ana nauli?" Nikamjibu, "Huyu ndiye tajiri, mimi namsindikiza." Watu wakacheka wee! Nikakaa nangoja gari lijae, natazama barabara. Siku hizi baiskeli zimerudi, mwenzangu. Mafuta yamepanda, bodaboda haishikiki, kila mtu amerudi kwenye pedeli, hata walimu. Nikafurahi kama mjinga. Nikasema, na yetu inarudi kundini.

Tukashuka mlima, masikio yananiziba, mikorosho huku na huku, mpaka ile milima ya mawe ya Masasi ikatokeza. Nikaunganisha gari lingine.

Lupaso nilimkuta Mzee Likumbo uani kwake anabangua korosho. Aliponiona tu, "Aa! Mjane kanifuata! Nilijua ungenitaka!"

"Nikutake wewe, umekunjamana kama ganda la korosho?"

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akamwona jogoo. Kicheko kikakatika.

"Mama Saidi, huyo jogoo wa nini?"

"Wa baiskeli. Leta kitu cha watu."

Akaweka jiwe lake chini. "Nilingoja," akasema. "Mwezi ukapita, mwingine ukapita, sioni mtu. Nikajua mmeniachia. Wakaja wanunuzi na pikapu, wanakusanya baiskeli kuukuu kijiji kwa kijiji. Zamani nani angenunua chuma kile? Ningekaa nacho mpaka uje. Lakini walipotaja bei, na mwaka huu korosho zenyewe ndizo hizi unazoziona..."

Mtani ameuza! Umeshasikia wapi? Nikakaa kwenye maganda yake ya korosho.

"Twende," akasema. "Walikoipeleka napajua."

Masasi, Mkomaindo, kuna fundi, jina lake Masanja, mtu wa Shinyanga. Baiskeli zimening'inia kwake kama nyama buchani. Zipo za mtumba kutoka ng'ambo, nzuri kama bibi harusi, tairi jembamba. Ukipakia madumu zinapinda. Ndiyo maana watu wanataka vyuma vya zamani vilivyosukwa upya. Biashara imekua, anaajiri na vijana wa kupiga rangi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Natafuta baiskeli ya keria la mti."

"Yenye vibonde viwili? Naikumbuka sana!"

"Iko wapi?"

Akanyoosha spana. "Pale. Na pale. Na kule. Gurudumu la nyuma lipo kwenye ile ya bluu. Usukani ule kwenye nyekundu. Fremu tumeipiga rangi ya kijani, imeshakwenda Nachingwea."

"Na keria?"

Akatazama jiko la mama anayekaanga mihogo pale jirani. "Mbao haina soko, bibi."

Mzee Likumbo akapandwa na jazba. "We fundi, ile baiskeli ilikuwa utani!"

"Mzee wangu," fundi akajibu kwa upole, "mimi sikutaniwa. Mimi niliuziwa."

Tungesemaje? Ile ya bluu alinitajia bei, nikaona ni mapato ya msimu mzima wa korosho, tena msimu mzuri. Nikaenda kwenye nyekundu, nikaushika usukani. Mpira umelika pale Baba Saidi alipokuwa akikandamiza dole gumba. Dole lile! Nimesimama hivyo, mteja akaja. "Samahani, bibi, nataka kuijaribu." Nikaachia. Akazunguka nayo, inakwenda vizuri tu.

Stendi nikampa Mzee Likumbo jogoo, akakataa. "Sina cha kukurudishia." Nikamngoja anitanie hata kidogo, aseme huyu mjane hana meno. Akapanda gari la Lupaso. Mtani aliyekosa utani, mwenzangu, huo ni msiba wa pili, na huo hauna matanga.

Chilangala nimefika jua linazama, Somoe ananingoja barabarani, dumu liko miguuni.

"Bibi, baiskeli?"

"Iko Masasi. Imekuwa nyingi."

Nikamweleza. Hakulia. Mimi nilichojifunza ni hiki: kitu kikishapata mnunuzi hakimngoji mtu atoke eda. Hata mila zetu zilikaa salama kwa sababu vitu vyetu havikuwa na bei. Somoe akamchukua jogoo, akampapasa shingo, akasema,

"Bibi, siku ukifa wewe..."

"Watabeba nini kwangu? Hilo dumu?"

"Hata dumu. Jogoo nitakuwa naye mkononi. Nitamkabidhi mtani kabla hajatoka uwanjani kwetu."