Wimbo Mmoja wa Osoro

Osoro wa Keumbu alijiita msanii huru: hana meneja, hana bosi na, ukweli usemwe, hana mashabiki. Mtaji wake wote ulikuwa wimbo mmoja wa mapenzi, alioutunga mwenyewe akimchumia mamake majani chai.

Juzi akaalikwa kuimba kwenye mazishi ya mzee Onsongo, mlevi aliyempiga mkewe hata siku ya Sabato. Osoro, asiye na wimbo mwingine, akashika maikrofoni, akafumba macho kama nabii, akaliimbia jeneza: “Rudi, mpenzi wangu, rudi nyumbani!”

Alipoanza kiitikio mara ya pili, mjane aliinuka, akampokonya maikrofoni.

“Mwanangu, mwite tu,” alisema. “Lakini akirudi, utakaa naye wewe.”