Siku Niliyomfuta Bibi wa Akheri

Naanza kwa kukiri mwenyewe, maana nikikaa kimya mtaipata kwa mtu mwingine ikiwa imeshaongezwa chumvi: ni mimi niliyefuta baraka za bibi wa watu, kwa mkono wangu, mchana kweupe, kikombe cha chai pembeni na akili zangu zote kichwani (zile chache nilizopewa), kwa sababu tu nilitaka kompyuta yangu iwe nyepesi.

Wasionijua wanijue kwanza. Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu wakitoka kwenda mjini mimi nimebaki sebuleni kwangu hapa Sakina nachapa barua za watu na ratiba za ibada, na jirani yangu wa ukuta mmoja, Mama Anande, alishanipa jina la Baba Ndani, ingawa sina mke wala mtoto wa kunifanya baba wa chochote. Shule niliishia kidato cha nne, lakini kwa kuwa nina laptop na majirani hawana, wananiita mtaalamu, na mimi kwa udhaifu wangu huwa sikatai.

Sasa Anande, binti wa huyo jirani, alikuwa anafanyiwa sendofu, ile sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, na kamati ikanipa kazi ya picha: nipange picha zake tangu utoto, zioneshwe kwa projekta kwenye ukumbi kule Njiro, halafu mwisho kabisa ije video ya bibi yake, mama mzaa baba, anayekaa Akheri kule mlimani. Hiyo video ndiyo iliyokuwa roho ya shughuli. Bibi magoti yamekataa, mjini haji, na isitoshe alikuwa amenuna muda mrefu kwa sababu washenga walipokelewa Sakina bila yeye kuambiwa, mpaka Mama Anande akapanda Akheri mwenyewe kuomba radhi ndipo bibi akakubali kumbariki mjukuu mbele ya simu. Anande aliposikia alilia, kisha akasema maneno ambayo baadaye yalininyima raha: "Nikisikia sauti ya bibi, naondoka nyumbani kwa amani. Bila hiyo mtakuwa mnamuaga mtu anayetoroka."

Simu ya Mama Anande ilikuwa imejaa, kwa hiyo alihamishia video kwenye flashi, akaifuta kwenye simu, akaniletea flashi, nami nikanakili kila kitu kwenye laptop. Mpaka hapo hakuna mtu aliyekosea.

Kosa lilianzia kwenye ujuaji. Laptop yangu ilikuwa nzito kiasi kwamba ukiiwasha unaweza kwenda kumenya ndizi ukarudi bado inazunguka. Fundi wa hapa barabarani angenipigia Windows upya, lakini kwenda kwa fundi ni kutoka nje, na habari zangu na kutoka nje nimeshawaambia. Nikasoma mtandaoni habari za Linux, mfumo wa bure unaotengenezwa na watu wa dunia nzima na kugawiwa kwa yeyote anayeutaka, mwepesi, haubagui kompyuta kuukuu, na unauweka mwenyewe ukiwa umekaa kwako. Nikaona hawa watu wamenifikiria mimi.

Maelekezo yalisema uupakue, uuweke kwenye flashi, kisha uwashe kompyuta kupitia hiyo flashi. Flashi sina. Iliyokuwepo mezani ni ya Mama Anande, na nikajisemea, vitu vyake si viko tayari kwenye laptop, kuna ubaya gani nikiiazima kidogo? Programu ikaniuliza kama nina uhakika, maana kilichomo kwenye flashi kitafutika chote. Nikabonyeza ndiyo. (Ninyi mnaosoma mmeshaona ninapoelekea. Mimi sikuona.)

Betri ya laptop ilishakufa zamani, inaishi kwa waya tu, na mvua ilikuwa imeanza kushuka kutoka mlimani, na umeme wetu mvua ikianza huwa unatafuta sababu. Taa ikapepesa. Wakati huohuo mfumo ukaniuliza: ukae pembeni mwa ule wa zamani, au ufute diski yote uanze upya? Nilitaka ukae pembeni, nilikuwa nimeshasoma hivyo, ila chaguo lililokuwa na alama tayari lilikuwa lile la kufuta, na taa ikapepesa tena, na mimi nikaingiwa na hofu kwamba umeme utakatika ningali kwenye maswali, basi nikabonyeza endelea, endelea, sawa, kama mtu anayejibu salamu.

Ikawaka, jamani. Ikawaka haraka, nzuri, safi, mpaka nikamwita Mama Anande aje aone utaalamu.

"Inapendeza," akasema, mikono imejaa unga. "Na bibi yuko wapi? Hebu nimuone."

Nikafungua sehemu ya video. Tupu. Nikafungua ya picha. Tupu. Nikafungua sehemu ambazo hata sizijui kazi yake, zote tupu na safi kama nyumba iliyohamwa, na jasho likaanza kunitoka mgongoni wakati nje kunanyesha.

"Anakuja," nikasema. "Hizi video ni nzito, Mama Anande."

"Bibi mwenyewe mzito, sembuse video yake. Flashi yangu utanirudishia, nataka kuwekea nyimbo."

Hapo ningesema. Mdomo ulikuwepo, maneno yalikuwepo, na mama wa watu alikuwa amesimama mlangoni hana hasira na mtu. Badala yake nikamwambia flashi bado naitumia, na kuanzia hapo kila nilichosema kilihitaji kingine cha kukishikilia. Kwenye grupu la kamati nikaandika kwamba nataka picha zenye ubora zaidi, kila mwenye nazo atume upya. Wakatuma. Mjomba mmoja alituma picha ya trekta lake. Picha zikapatikana, na kila aliyekuwa anauliza habari za bibi nikamjibu kwamba bibi yuko hatua za mwisho (jibu baya kuhusu mtu wa umri ule, nililigundua nikiwa nimeshalituma). Huko mtandaoni nikasoma kwamba kila ninavyozidi kuitumia kompyuta ndivyo kilichofutika kinavyozidi kupotea, nikaizima, nikakaa kuitazama kama mgonjwa. Anande akipita dirishani akanipungia mkono. Nilijificha nyuma ya pazia, mtu mzima.

Mpaka siku yenyewe ikafika, na asubuhi nikaona dawa ni moja tu, ile ninayoichukia kuliko zote: kutoka nje. Nikavaa kabisa suti ya ukumbini, maana muda wa kurudi kubadilisha usingekuwepo. Mama Anande akanikuta getini.

"Baba Ndani, unatoka? Kuna msiba?"

"Nafuata waya wa projekta."

"Waya unafuatwa na suti?"

Nikafika Tengeru, nikachukua bodaboda ya kupanda Akheri, na kwa ile mvua barabara ilikuwa tope tupu, nikafika kwa bibi suruali imegeuka rangi hadi magotini. Bibi alikuwa nje ya jiko anachambua maharage, shangazi yake Anande anaosha vyombo pembeni.

"Shikamoo bibi. Mimi ni jirani wa Mama Anande, yule wa kompyuta."

"Marahaba. Si shughuli ni leo? Mbona uko huku?"

"Bibi, ile video yako imefutika."

"Imefutika, au umeifuta?"

"Nimeifuta."

Akaendelea na maharage. "Na nilikuwa nimevaa gauni la kanisani. Mama yake anajua?"

"Hajui."

"Anande?"

"Hajui, bibi."

"Washenga mlinificha mimi. Sasa mnamficha na mwenye shughuli." Akatupa jiwe alilolitoa kwenye maharage. "Mimi nilishabariki. Sirudii rudii kama redio."

Nikabaki nimesimama kwenye tope, chai niliyopewa inapoa mkononi, namuona Anande amekaa kwenye kiti chake cha maua anasubiri sauti ambayo haiji. Pengine lile tope ndilo lililonisaidia, maana bibi alinitazama viatu, akanitazama suruali, akajishika magoti akainuka, akaingia ndani. Akakaa huko mpaka nikaanza kufikiri nimefukuzwa kwa adabu. Kisha akatoka na gauni la kanisani.

"Washa hiyo simu yako. Na usiniambie nianze wala nimalize."

Akaongea Kimeru. Aliongea kwa kirefu, ametazama simu moja kwa moja, na mimi kwetu Kondoa, Kimeru sijui hata neno la kuombea maji. Nilimuona shangazi ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanacheza, nikadhani ni furaha ya shughuli. Mwisho nikasema asante bibi, umeongea vizuri sana.

"Utasikia," akasema.

Ukumbini nilifika watu wanaingia, nikahamisha video, nikaunganisha projekta huku naomba kimoyomoyo mfumo wangu mpya usinikatae mbele ya wakwe, na haukunikataa. Picha zikapita, watu wakapiga vigelegele, na hata trekta la mjomba lilipata makofi yake. Kisha bibi akatokea ukutani, mkubwa, ndani ya gauni lake. Anande akashika mkono wa mama yake. Mimi nikavuta pumzi ya kwanza tangu ile mvua.

MC, ambaye ni Mmeru, akachukua kipaza sauti. "Mtaalamu, simamisha hapo. Ndugu zetu wa upande wa bwana harusi hawasikii Kimeru, nitawatafsiria."

Nikasimamisha.

"Bibi anasema, mjukuu wangu, baraka zako nilishazitoa, ila huyu mtu wa kompyuta amezifuta."

Nikajifanya natafuta kitufe.

"Endelea, mtaalamu," akasema MC, na sauti yake haikuwa na huruma hata kidogo. Nikaendelea. Nikasimamisha. "Anasema, amekuja asubuhi hii na suti imejaa matope kama mtu aliyetoka kulima, na mama yako hajui, kamati haijui, ndiyo kwanza mnasikia sasa."

Basi ikawa hivyo, mimi mwenyewe nabonyeza, mimi mwenyewe nasimamisha, na kila nikisimamisha watu wanageuka kunitazama, wa upande wa bwana harusi wanacheka, wa Akheri wanalia kwa kucheka, na suruali yangu iko pale kama kithibitisho. Sikuthubutu kumtazama Mama Anande.

"Anasema, nimemuonea huruma. Chai ameshindwa kuimeza. Mama Anande, usimpige."

Halafu sauti ya bibi ikashuka, na MC naye akaacha mzaha. "Anasema, Anande, huko unakokwenda utakosea, kila mtu anakosea. Ukikosea, sema siku hiyohiyo. Usikae na kosa mpaka likakupandisha milima. Nenda, nimekuruhusu, nyumba yako iwe na chakula na iwe na watu wa kukwambia ukweli."

Anande alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, akainuka na shela lake akaenda kuugusa ule ukuta palipokuwa na mkono wa bibi, na hapo hakuna aliyenikumbuka tena, nikashukuru.

Mfumo wenyewe bado ninao, na unafanya kazi vizuri kuliko mwenye nao. Flashi nilinunua, yangu na nyingine ya kurudisha, na nimeapa kwamba kitu cha mtu sikigusi kabla sijakiweka mahali pengine salama, na nikiharibu nasema siku hiyohiyo, hata kama aliye mlangoni ana unga mikononi.

Siku ile ukumbini, watu wakiwa wanaondoka, nilikuwa nimekaa peke yangu nyuma ya projekta, nakunja waya taratibu ili nisipishane na mtu, Mama Anande akaja na sahani ya pilau, nyama imewekwa juu, akaiweka mezani mbele yangu. Nikafungua mdomo nimuombe radhi. Hakunisubiri.

"Jirani, harusini uje ule," akasema. "Kitu cha kubonyeza usiguse, hata swichi ya taa."