Isipowasha Si Dawa

Hadi mwaka jana, ukitaka kujua kama MC Kalinga ana kazi siku hiyo, hukuwa na haja ya kumpigia simu. Ulisimama asubuhi karibu na dirisha lake hapa Mlandege, Iringa, ukasikiliza. Ulisikia maji, kisha kimya kirefu cha wembe, kisha sauti yake: "Ssss! Aaah! Imeingia hiyo!" Hapo ulijua amemaliza kunyoa ndevu na amejimwagia spiriti kidevuni. Mimi ni jirani yake, ukuta wetu ni mmoja. Nimeisikia hiyo "imeingia" kwa miaka na mpaka leo sijui huwa kinaingia nini.

Jina lake kamili ni Aroni Kalinga, na kazi yake ni kuongoza sherehe: harusi, send-off za kuwaaga mabinti wanaoolewa, kipaimara, hata kuagwa kwa mwalimu anayehamishwa. Mimi, Severina, napamba kumbi, kwa hiyo mara nyingi tunajikuta ukumbi mmoja. Sitamnyima haki yake. Mungu alimpa sauti. Akisema "wageni waalikwa", hata aliyekuja kwa ajili ya pilau tu anajiona mgeni kweli. Lakini Mungu huyo huyo alimpa na uso, uso mzuri tu wa Kihehe, na Kalinga akaamua kuupiga vita.

Kwanza alikuwa ananyoa mpaka kidevu kinang'aa, tena anaupandisha wembe kinyume cha ndevu, kama anakwangua magamba ya samaki. Akimaliza, spiriti. Juu ya spiriti anasugua jiwe la shabu. Juu ya shabu, limao. Halafu poda, halafu marashi ya bluu ya kiume ambayo ukiyanusa unatafuta kiti cha dirishani. Na kwa kuwa baridi ya Iringa mwezi wa saba inapasua mashavu, anafunika balaa lote hilo kwa mafuta mazito ya mgando, kama fundi anayeziba pancha. Matokeo yake ni vipele vya ndevu kutoka sikio hadi sikio, vingine vina usaha. Akiviona kwenye kioo, mwerevu wetu huyu anajiambia dawa hazijatosha.

"Kaka Aroni," nilimwambia siku moja, "ngozi imeshachunwa. Sasa unaichoma ya nini?"

"Isipowasha si dawa, Dada Severina."

"Hata pilipili inawasha."

"Ninyi wanawake mambo ya ndevu hamyajui," akasema, akaenda zake huku shingo inamwasha na anaikuna kwa kola ya shati. Sikio la kufa halisikii dawa. La Kalinga lilikuwa linazisikia zote.

Basi, mwaka jana akaja Mzee Maganga. Huyu ni Msukuma wa Usangu. Baba yake alishuka na ng'ombe kutoka kaskazini, na yeye akaongeza mashamba ya mpunga. Alikuwa anamfanyia binti yake mkubwa, Veronika, send-off mjini Mbeya. Alituita mimi na Kalinga, akazungumza kwa ufupi kama wenye mali wanavyozungumza.

"Nina mabinti wanne. Kwa wote wachumba wameanza kubisha hodi. Ukiniongozea huyu vizuri, kijana, na kazi za hao wengine ni zako."

Kalinga alirudi nyumbani anaimba. Kwa mtu anayeishi kwa kukodi spika za watu na kungoja simu ya dakika za mwisho, hiyo haikuwa kazi ya siku moja tu. Ilikuwa njia ya kutoka. Alijua hivyo, nami nilijua. Kwa hiyo akafanya kile anachofanya mpumbavu akipata bahati: akaongeza.

Tulipofika Mbeya, siku moja kabla ya sherehe, akapita sokoni akakutana na mama mmoja anaitwa Sekela anayeuza kikopo kisicho na jina, dawa ya "kukwangua weusi". Jioni hiyo akanyoa, akapanga safu yake yote, juu yake akabandika na ya Sekela. Asubuhi kidevu kilikuwa kimeumuka kama andazi. Unadhani alikiacha kipumzike? Alienda kuomba poda ya bibi harusi. Na Veronika ni maji ya kunde. Kalinga akapanda jukwaani ana uso wa Veronika na shingo ya Kalinga.

Nitasema ukweli, alisema vizuri jioni ile. Watu walicheka, akina mama wakalia pale pa kulia. Nilianza kuamini kwamba angeponea kwenye ulimi. Kisha ukafika muda wa kutuza. Mnajua kwetu, mtu akikufurahisha unamwendea kwa madaha ukicheza, unambandika noti usoni, na jasho la kazi linaishikilia. Mzee Maganga akainuka mwenyewe. Akacheza taratibu, kiutu uzima, akatoa elfu kumi akaibandika kwenye shavu la MC wake. Noti ikanasa. Ikanasa kwelikweli, maana chini yake palikuwa na mafuta, poda, shabu na limao. Mashangazi nao wakafuata, kidevu, shavu, kidevu, na taa za ukumbi zinachoma.

Kalinga alipozibandua, poda ilitoka nazo. Vipele pia. Noti ya Mzee Maganga ikatoka na damu, na usaha.

Bibi Ngolo, mama mzazi wa Mzee Maganga, alikuwa meza ya mbele. "Huyu mtu ana ugonjwa gani?" akauliza. Kipaza sauti kilikuwa wazi, kikalipeleka swali mpaka kwa wapishi. Ilipofika keki, mama wa Veronika alikipokea kisu kutoka kwa Kalinga kwa kutumia kitambaa cha meza. Hakuna aliyecheza tena karibu naye. Sherehe ilipokwisha, Mzee Maganga alimlipa chake chote na kumwambia, "Umesema vizuri, kijana. Nenda katibiwe." Habari ya mabinti wengine hakuigusa.

Njia nzima ya kurudi Iringa alikaa amefunga skafu usoni. Sikumbembeleza. Siku iliyofuata nilimpeleka zahanati kwa muuguzi Frida, akamuuliza anapaka nini. Kalinga akaanza kutaja, kwa fahari, naapa, kwa fahari! Alipofika kwenye limao Frida aliweka kalamu chini.

"Acha vyote, kaka."

"Sawa. Nianze na kipi?"

"Hakuna cha kuanza. Usinyoe mpaka ngozi ipoe. Ikipoa, punguza kwa mashine, usikwangue hadi ngozini. Ukilazimika kutumia wembe, uwe mpya, ulainishe ndevu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ufuate zinakolala. Ukimaliza, suuza kwa maji ya baridi, kausha kwa kubonyeza taulo safi, usisugue. Paka losheni kidogo isiyo na harufu. Basi."

"Inawasha?"

"Haiwashi."

Alitoka pale kama aliyetukanwa. "Nimepanga foleni asubuhi nzima niambiwe maji!" akanung'unika. Alitii kwa sababu moja tu: simu ziliacha kuita, na hakuwa na wa kumnyolea. Dirishani kukawa kimya. Vipele vikanywea, madoa yakaanza kufifia, na uso ule aliozaliwa nao ukarudi taratibu, bila kumdai chochote.

Simu hazikurudi. Sifa mbaya ya MC husafiri haraka kuliko basi.

Miezi ikapita, Mzee Maganga akamfanyia send-off binti wa pili, ukumbi ule ule. Mimi niliitwa. Kipaza sauti alipewa kijana mmoja wa koti la kumetameta, mwenye maneno matatu anayoyarudia. Kalinga alikuja kama mpanda ngazi wangu, kunitundikia vitambaa. Nimemcheka mtu huyu miaka mingi, na nitaendelea. Lakini kumwona juu ya ngazi katika ukumbi ule, kimya, na sauti ile yote kifuani, kuliniuma.

Mchana Mzee Maganga akaja kukagua. Akasimama chini ya ngazi, akatazama juu.

"Kijana, una ngozi nzuri. Nani anakunyoa?"

Kalinga akashuka. "Shikamoo mzee."

Mzee akaitambua sauti, akashtuka. "Kumbe ni wewe!" Akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku kama anakagua dume mnadani. Ndipo nilipoona kidevu cha mzee mwenyewe: vipele vitupu, na utando mweupe wa shabu. "Ulipaka nini?"

"Maji, mzee."

"Na nini?"

"Losheni kidogo. Na kuacha vile vingine."

Mzee akacheka, kisha akaacha. "Binti wa tatu ni mwezi wa kumi na mbili. Nitajie dawa, kazi ni yako."

Kalinga akanitazama. Nami nikamkazia macho: taja chochote, mjinga wewe! Taja kikopo cha Sekela, taja majani ya mti, umeshaharibu uso kwa uongo, sasa jipatie riziki kwa uongo huo huo! Yeye akamgeukia mzee.

"Ningekuwa nayo ningekupa, mzee wangu. Ni maji."

Mzee Maganga akamwachia kidevu. "Siku ile nilikulipa chako chote na uso wako ule. Leo unaninyima dawa." Akaondoka kuelekea nyuma ya jukwaa, alikokuwa yule wa koti la kumetameta, nikamsikia anamuuliza yeye anapaka nini. Huyo hakukawia. Nilisikia kizibo cha chupa kikifunguliwa.

"Ssss!" ikatoka sauti ya mzee, imejaa raha. "Aaah! Hii sasa imeingia!"

Kalinga alikuwa ameshapanda ngazi. "Nipe pini, Dada," akasema.